Mwaka Ruwenzori Ilijaa: Kumuaga Papa Mumbere, Mwalimu wa Gym

Papa Mumbere, jambo. Mama Musoki bibi yake, jambo sana, na ule mugongo unaokusumbuaka uendelee kupoa. Aimé mutoto yao ya kwanza, jambo. Annie na bwana yako, jambo, na kale katoto kenu kapya siye wa cuisine, wapishi wa shule, hatujakabeba bado, mukalete. Wote wenye kukaa kwa Papa Mumbere kule Nyakasanza, jambo. Prefe Anselme mukubwa wa shule yetu, walimu, wazazi na wanafunzi, jambo. Siye tuko salama. Divine yangu anawasalimia toka Kisangani.

Leo, tarehe ine ya mwezi wa saba, Papa Mumbere Jean-Claude anamaliza miaka makumi tatu na mbili ya kufundisha gym ku institut yetu hapa Bunia. Prefe alitaka mwalimu wa Kifaransa njo aandike hii wasifu. Papa Mumbere akakataa, akasema mu ile Kifaransa atakuwa mutu mwengine, watu watatafuta nani anaagwa. Njo wakaleta kalamu ku cuisine, kwangu miye Alphonsine, yenye munaitaka Mama Divine.

Papa Mumbere alifika hapa kijana, toka Mutwanga, ku miguu ya Ruwenzori. Kwao mutu anafungua mulango asubui, anaona mulima yenye barafu nyeupe juu. Siku ya kwanza hapa Bunia akauliza milima iko wapi. Wakamuonyesha vilima yetu. Akacheka mpaka akakaa chini. Toka siku ile, kila fasi inayopanda kidogo hapa kwetu yeye aliiitaka dodane, sawa ile wanawekaka mu barabara juu motokari zipunguze mbio.

Ni mutu musafi. Training yake, ile nguo ya michezo ya rangi ya bulu, aliipigaka pasi mpaka suruali inaweka mustari, na hata mvua ya mwezi wa ine haikuvunja ule mustari. Na sababu Bunia iko tambarare, alitafuta namna ya kufundisha watoto kupanda bila mulima: aliwabebesha mabidon ya maji, toka ku kisima mpaka ku mulango ya cuisine, kwenda na kurudia. Direction ilisema ile ni gym. Siye wa cuisine tulisema ni Mungu. Miaka mingi hatukuchota maji siku mbili kwa juma, na kila alipopita tulimuwekea kikombe ya chai bila kuulizwa.

Ile mabidon ilikuwa na maana. Kila mwaka, wakimaliza Examen d'État, mutihani ya mwisho ya secondaire, alipeleka wafinalisti Ruwenzori. Hawakufikaka ku barafu. Walifikaka ku nyumba za kulala za katikati, wanaonja ile baridi, wanaimba, wanashuka. Mutoto akirudia kule anatembea mu quartier sawa amerudia Ulaya. Hapa Bunia wazazi wengine walichagua institut yetu juu ya ile tu.

Sasa nisimulie mwaka ile Divine alimaliza, sababu bila ile mwaka hamutamujua huyu muzee vizuri.

Divine ni mutoto yangu moja. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mu primaire. Miye nilimubebeaka kila kitu. Akichoka kufua, miye nafua. Akishindwa kufunga muzigo, miye nafunga. Na mwaka ile, ku mwisho ya vakansi, likizo ya shule, alipaswa kwenda Kisangani kusoma mambo ya hospitali, peke yake, fasi hatuna hata ndugu moja. Papa Mumbere aliniambiaka ku mulango ya cuisine, anakunywa chai yake: "Mama Divine, mutoto apande kwanza na wenzake, aone miguu yake ni ya nguvu. Kisha ataenda." Nilikubali na mudomo. Moyo ulikataa.

Basi Papa Mumbere akapiga simu Ruwenzori kuomba fasi, sawa kila mwaka. Wakamujibu na heshima kwamba wageni wengi waliandikisha mapema, vitanda yote ya ile njia imekamatwa mpaka vakansi iishe. Akakuja ku cuisine, akakaa juu ya gunia ya makala ya kupikia na ile training ya pasi. Njo tukajua maneno ni mubaya.

Kungojea mwaka mwengine haikuwezekana. Wafinalisti hawangojake. Masomo ikifunguka tu, moja iko Kampala, mwengine iko mu zahabu Mongbwalu, mwengine ameolewa. Prefe akasema, basi waende Mont Hoyo. Ni fasi ya kupendeza, iko na mapango na maji ya kuanguka, hakuna mutu anakataa. Lakini Plamedi, yenye alikuwa chef wa classe, kiongozi ya wenzake, akasimama: "Prefe, na heshima yote, siye tulibeba mabidon miaka sita juu ya kupanda, si juu ya kuingia mu shimo."

Papa Mumbere akaita réunion ya wazazi. Wababa walisema mambo mingi. Kisha Mama Plamedi akainuka, mutu anauzaka mafuta ku marché, sauti yake haitafutake micro. Akasema: "Papa Mumbere, siye wamama hatukatalake mulima. Tunakatala ile ya kutoona. Mutoto anaenda, tunashinda tunaangalia simu, réseau hakuna, mutu anafikiri tu mubaya. Weye kwenyu munazoea. Siye moyo inatoka mu fasi yake." Wamama wote tukapiga makofi. Miye nilipiga kuliko wote.

Yeye akasema: "Basi nitatafuta mulima munaweza kuona." Watu wakacheka, wakafikiri anaficha haya yake.

Kumbe alimaanisha. Kuko mama moja wa Tchomia, Mama Faida, yenye analetaka samaki ya kukausha ku cuisine yetu. Papa Mumbere akamuuliza siku za zamani, mbele motokari ziwe mingi, wamama ya kule walipandishaka samaki na njia gani. Mama Faida akamuangalia sawa mutu anauliza maji inatoka wapi. Akasema walipandaka na miguu, ile ukuta ya mulima yenyewe inatoka ku Ziwa Albert mpaka huku juu kwetu, kikapu ku kichwa. Njia bado iko. Camion ikikufa, wanapita kule mpaka leo.

Njo akaona. Mulima ile iko ya kugeuka. Miguu yake iko ku ziwa, na kichwa yake iko kwa upande yetu, fasi mutu anafika na pikipiki tu. Siye wa Bunia tunaishi juu ya mulima na hatujui. Watoto watashuka na motokari, watalala Tchomia, asubui watapanda kuja kwa mama zao, na mama zao watakuwa ku kilele wanawangojea.

Kuchagua vile ilimukula, musifikiri ilikuwa nyepesi. Ile mulima ilikuwa mu hesabu ya dodane zake. Mwalimu wa mathé alimuuliza mbele ya watu: "Muzee, kweli, unapeleka watoto ku dodane?" Akajibu: "Ndiyo. Dodane mukubwa." Na watoto nao walinung'unika. Plamedi akasema kushuka na motokari juu ya kurudia na miguu si mulima, ni adhabu. Papa Mumbere akamwambia: "Weye kunja vitu yako. Utaniambia ukifika."

Na vitu akakunja yeye vilevile, na hapo njo kosa. Miaka yote alizoea Ruwenzori. Akaamuru watoto walete vesti ya nzito, boné ya manyoya, glavu. Wazazi tukatafuta ile mavesti mpaka soko ya Ariwara. Ku Tchomia kule ku ziwa jua linapiga sawa pasi. Walishuka mu motokari wamevaa vile, jasho inatiririka, na yeye mbele, boné mpaka ku masikio. Wamama ya samaki wakaacha kazi. Moja akamuuliza: "Muzee, munaenda kukaa mu frigo gani?" Yeye akasema ku mulima mutu haaminake jua. Asubui, ku kati ya njia, Mama Faida, yenye alikuwa anawaongoza na sapati ku miguu na kikapu ku kichwa, akamuvua boné bila kumuuliza, akafunikia samaki yake, nzi zisiikalie. Plamedi anasema Papa Mumbere alicheka yeye wa kwanza, na hapo watoto wote wakafunga mavesti ku kiuno.

Siye tulifika ku juu mapema, kila mama na pikipiki yake na sufuria yake. Tukaangalia chini. Ziwa lote lilikuwa pale, na njia sawa uzi, na watoto yetu mudogo sawa sisimizi. Hatukuweza kunyamaza. "Plamedi, kunywa maji." "Rémy, usipite pembeni." "Divine, funga kiatu." Papa Mumbere akasimama kule chini, akaweka mikono ku mudomo: "Wamama, munyamaze. Huku watoto wanasikia sauti ya mama makumi mbili, hawajui wamufuate nani."

Tukanyamaza. Na wakati tulinyamaza, nikaona mutoto moja ameikala chini. Kitambaa ya manjano ku kichwa. Ilikuwa Divine.

Wenzake walipita. Yeye hakuinuka. Nikaweka sufuria chini, nikavua kitenge ya juu, nikaanza kushuka. Mama Plamedi alinishika mukono, nikautoa. Papa Mumbere aliniona toka kule. Hakupiga kelele. Aliinua tu mukono wake moja, kiganja kwangu, sawa anasimamisha motokari. Kisha akaikala naye, chini kidogo ya Divine, akamupa mugongo, akaangalia ziwa. Hakumushika, hakumubebea kitu. Nikabaki pale, muguu moja juu ya jiwe, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Divine aliniambia kisha kwamba Papa Mumbere alisema maneno moja tu: "Miye sina haraka. Lakini mama yako iko anashuka, na akifika hapa ile mulima itakuwa yake." Njo akainuka.

Alipanda polepole. Alipofika karibu nami nikanyoosha mikono yote mbili. Akasema: "Mama, bado. Usinishike. Bado sijafika." Akanipita. Mutoto yangu akanipita pale ku njia, akaenda mpaka fasi wenzake walisimama, akagusa lile jiwe ya juu, akageuka kuangalia ziwa. Kisha njo akarudia, akaanguka ku kifua yangu, tukalia na kucheka siye wawili, na samaki ya Mama Faida ikaanza kunuka muzuri mu sufuria. Plamedi akaenda kwa Papa Mumbere, akamwambia: "Muzee, nimefika. Si adhabu." Watu walicheza pale mpaka wenye pikipiki wakaanza kupiga klaksoni.

Mwaka yenye ilifuata Ruwenzori ilikuwa na fasi. Prefe aliuliza wazazi, na mikono yote ikainuka kwa mulima ya Tchomia. Papa Mumbere akasema amepigwa kura na masufuria. Toka hapo, mwaka yenye njia iko na utulivu, wafinalisti wanapanda ile, na watu wanaiitaka Mulima ya Wamama. Yeye anaendelea kusema haina barafu. Lakini neno dodane hakulirudiliaka tena.

Divine alienda Kisangani peke yake, na alijifungia muzigo. Leo ni infirmière, muuguzi wa hospitali, iko na watoto wawili. Miye pia nilijifunza kubaki ku juu. Haikuwa nyepesi, lakini nilijifunza.

Papa Mumbere, aksanti. Aksanti juu ya maji ya mabidon, aksanti juu ya watoto wote ulipandisha, na aksanti juu ya ule mukono uliinua. Siye wa cuisine, walimu, wazazi na wanafunzi tunaomba Mungu akupe pumziko tamu, magoti yenye nguvu, bibi mwenye afya, na kila asubui barafu yako mbele ya mulango.

Tunasikia juma ijayo weye na Mama Musoki munarudia Mutwanga, kukaa kule kabisa. Ni vizuri, mutu arudie kwao. Lakini ile njia ni ndefu, na mambo ya usalama ku njia siku hizi munaijua. Na kule hatuna fasi ya juu ya kusimama tukuangalie unapita. Basi ukifika, hata mbele ya kufungua mizigo, hata mbele ya kunawa uso, tafuta réseau, utume neno moja tu: tumefika. Utume mbio, Papa. Tuko tunangojea.