Kitu Cheusi Juu ya Mnara wa Maji

Benchi letu liko nje ya karakana ya baiskeli ya Spana, birika la kahawa likiwa juu ya jiko la mkaa. Wiki nzima mada imekuwa moja: picha. Marehemu baba yake Spana aliipiga miaka thelathini na minne iliyopita, akiwa mpiga picha wa gazeti. Inaonyesha mnara wa maji, na juu yake kitu cheusi cha mviringo. Gazeti liliitoa na kichwa “Wageni Kutoka Sayari Nyingine”. Watu walicheka, mzee akaitwa mwongo, akaachishwa kazi. Hadi anakufa alisema maneno yale si yake, ni ya mhariri. Picha yenyewe ilipotea, mpaka mwezi uliopita mjane wa mhariri alipoikuta kwenye droo akamletea Spana. Sasa gazeti limeahidi kumtuma mchunguzi leo.

— Hicho ni chombo, alisema Betri, fundi redio. Tazama kingo zake. Ndege gani ana kingo hizo?

— Ni mfuniko wa tangi, umepeperushwa na upepo, alisema Kamusi, karani mstaafu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Kitu kiko angani, mzee wangu, wewe unainama nini?

— Ndiyo maana hukioni vizuri.

— Nakwambia kilikuja kuchota maji. Mwaka ule maji yalikatika siku ngapi?

— Tatu.

— Umeona?

— Betri, maji yanakatika kila wiki.

— Basi wanakuja kila wiki!

Spana alikuwa anakaza mnyororo wa baiskeli. Hakuinua kichwa.

— Kiwe chombo, kiwe mfuniko, mimi sijali. Mama ana miaka themanini na moja. Mpaka leo akienda sokoni anazunguka asipite mbele ya ofisi za lile gazeti. Nataka waandike kwamba mzee hakudanganya. Basi.

— Na mhariri naye alikuwa mmoja wao, Betri akaendelea. Nani alishawahi kumwona anakula?

— Mimi nilimwona anakunywa supu.

— Supu si maji hayo?

Kamusi alikuwa bado anatafuta methali ya kumjibu nayo pale mama mmoja mwenye mkoba begani aliposimama mbele yetu.

— Habari za hapa? Nimetumwa na gazeti. Kuhusu picha.

— Nzuri, dada, karibu. Spana alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na picha ikiwa imebandikwa kwenye ubao. Betri akampisha mgeni kwenye benchi. Kamusi akammiminia kahawa.

Mgeni aliitazama picha kwa muda mfupi kuliko tulivyotarajia.

— Nyuma pameandikwa nini?

— Nyuma ya wapi? Betri aliuliza.

— Ya picha. Wapiga picha wetu wa zamani walikuwa wanaandika nyuma kwa penseli kabla ya kumkabidhi mhariri: ni nini, wapi, lini. Hiki kitu cheusi siwezi kukitolea hukumu hata nikikaa nacho mwaka mzima. Lakini kama mzee hakuandika habari za wageni, nyuma patasema, na gazeti litamwomba radhi mama yako, kaka. Hilo nimeshakubaliana na mhariri wa sasa.

Wote tukamtazama Spana.

— Penseli ilikuwepo, alisema. Mistari miwili.

— Ilisemaje?

— Sikusoma. Nilipoona mwandiko wa mzee nilishindwa. Nikasema nitasoma nikishatulia.

— Ukaibandika kabla hujatulia?

— Ilikuwa inajikunja, Kamusi akaingilia. Mimi ndiye niliyemshauri. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mgeni alipitisha ukucha kwenye pembe ya picha. Pembe haikuinuka. Akajaribu ya pili.

— Mlitumia gundi gani?

— Ya pancha, Spana akajibu.

— Inabanduka?

Spana alikuwa ameshika ubao kwa mikono miwili, akitazama chini. Nyuma yake, kwenye ukuta wa karakana, kulikuwa na maandishi aliyoyapaka mwenyewe kwa rangi nyekundu: KIRAKA CHETU HAKIBANDUKI.