Mlango wa Bi Zeyana wa Mapinga

Assalaam alaykum, masheikh wetu, wazee wetu, ndugu na majirani, mliopata mikeka na mliokosa. Familia imenituma mimi, Taghreed, binti wa marehemu, nikusomeeni maisha ya mama yetu, na kwa kuwa mama hakupenda mtu kusifiwa kwa jambo asilolifanya, nitabaki kwenye aliyoyafanya, ambayo yanatosha.

Bi Zeyana Hamed Seif alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, Dunda, Bagamoyo mjini, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Hamed, muuza vitambaa maarufu, na Bi Biubwa, ambaye naye aliuza vitambaa vilevile katika duka lilelile, ila wasimulizi humsahau.

Alihitimu Kurani chuoni kwa maalim akiwa bado mdogo, akaingia shule ya msingi hapo hapo Bagamoyo mwaka 1959, akaisoma hadi mwaka 1966 alipotolewa na kutawishwa, si kwa kushindwa masomo, bali kwa kuwa wazee wa siku zile waliona msichana akijua kusoma barua imetosha, akijua na kuijibu imezidi. Huko ndani alikowekwa akajifunza cherehani ya mama yake, na cherehani hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi hadi chuo kikuu. Alikuwa fundi wa mapazia kwa zaidi ya miaka thelathini, jicho lake likilipima dirisha kabla futi kamba haijatoka mkobani, na ziko nyumba za wakubwa Dar es Salaam ambazo siri zake zimehifadhiwa na mama yangu peke yake.

Tarehe 10 Juni 1973 alifunga ndoa na mzee Shihab Salum, fundi saa, wakahamia Kariakoo, nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto wawili, kaka yangu Amin na mimi, na baadaye wajukuu watano. Mzee Shihab alifariki tarehe 3 Machi 2009, na kwa kuwa ngazi za jengo lile zilikuwa nyembamba, zenye kona kila hatua chache, jeneza halikuweza kupita limelala, likasimamishwa wima, baba yetu akateremshwa amefungwa kamba, huku mpangaji wa chini akielekeza kwa sauti kubwa, "Leta kulia! Rudisha! Ukuta huo, ukuta!" Mama alitazama kutoka juu mpaka walipofika chini, kisha akasema, "Mume wangu mmemshusha kama kabati." Tangu siku ile alikuwa na haja moja tu duniani, apate nyumba yake mwenyewe, ya chini, ambayo siku yake ikifika atatoka ndani yake amelala.

Ndipo mwaka 2016 alipofika hapa Mapinga kutazama mradi huu wa Bustani ya Amani, jina ambalo mama alisema linafaa zaidi makaburi, na ambao wakati huo ulikuwa mabango ya barabarani na nyumba moja ya mfano. Kijana wa mauzo, Bilali, ambaye namwona pale nyuma, na leo hana tai, alimpa shikamoo nzuri, akamtembeza sebuleni, akamwonyesha jiko la wazi ambamo mgeni anaweza kumwona mwenyeji akiunguza samaki, akamfikisha chumba kikuu mwisho wa korido. Mama akauliza, "Mwanangu, jeneza linapita wapi?" Bilali akasema, "Mama, hapa watu wanakuja kuishi." Mama akasema, "Na wakishaishi?"

Futi kamba ikatoka, ikathibitisha kwamba kwenye kona ya korido marehemu yeyote angekwama kati ya choo na chumba cha watoto, na mama akatamka kwamba hanunui mpaka ukuta wa nje wa chumba kikuu utobolewe mlango mpana. Meneja akaitwa, akaeleza kwa upole kwamba nyumba zote lazima zifanane, "na tukikukubalia wewe, Bi Mkubwa, kila mtu atautaka mlango huo." Mama akamjibu, "Kila mtu atautaka," akachukua mkoba wake akaondoka. Wakamfuata hadi barabarani, maana kwa kweli hawakuwa wameuza hata nyumba moja, wakamkubalia kwa sharti kwamba asimwambie mteja mwingine mlango ule ni wa nini. Akaapa, akatimiza. Nyumba zilizofuata zikajengwa na mlango uleule, Bilali akauita mlango wa bustani, na ninyi majirani mnaokunywa chai hapo jioni mkitazama maua, familia inakuombeni radhi, sharti limekwisha leo kwa kuwa aliyelitunza hayupo.

Mama alihamia tarehe 7 Januari 2017, lakini fundi haamini kipimo mpaka pazia litundikwe, kwa hiyo miezi michache baadaye, nyumba za jirani zilipokwisha kupata watu, akamtuma Amin msikitini Dunda kuazima jeneza, likaja juu ya kigari cha mizigo, kirikuu, na Amin mwenyewe akalazwa ndani yake, kwa kuwa mama alisema likiwa tupu halipimi kitu. Mtaa huu wakati huo kila mtu alikuwa na geti lake na salamu zake ndani ya geti, lakini jeneza lilipoonekana likishushwa watu wakatoka, na Bi Mardhiya wa nyumba ya mkabala, ambaye hakuwa amewahi kubisha hodi, akafika akilia, "Jirani yangu kipenzi!" Jirani kipenzi akafungua mlango mwenyewe, akasema, "Sijafa, karibuni, na kwa kuwa mmeshafika naomba wanaume wanne." Amin akainuka ndani ya jeneza kutoa salamu, na Bi Mardhiya tulimpata karibu na lami. Jeneza likapita, waliolibeba wakadhani ni kituko cha mwenye nyumba tu, na mama, kwa kiapo chake, hakuwasahihisha. Walionyweshwa chai siku ile ndio waliotuchotea maji na kutupikia siku hizi tatu.

Mama alianza kuugua figo mwezi Juni 2024, akalazwa Dar es Salaam mara kadhaa, na mwezi uliopita akaomba arudishwe kwake, ambako alifariki kitandani mwake alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomstahimili mgonjwa aliyepima mlango wa wodi na kuwapa maksi, tunawashukuru mafundi wenzake wa Kariakoo, na tunakushukuruni majirani, hasa mliombeba. Aliyetangulia mbele, kwa mazoea ya nyumba za watu, alipofika mlangoni alianza kuliinamisha jeneza, na Amin akamwambia, "Nyoosha, kaka, hapa hatuinamishi." Likapita sawasawa, pande zote mbili pakabaki nafasi ya mkono wa mtu.

Umetoka umelala, mama. Pumzika kwa amani.