Fomu Inauliza Umegonga Nini

—Sasa kama gari halikugonga kitu, hiyo shingo yako imegongwa na nini?

Meneja wa usafiri aliuliza hivyo juzi, amesimama uani mwa kampuni, funguo zinaning'inia kidoleni, na madereva wanne waliokuwa wakifuta vioo wakaendelea kufuta vioo. Mwenye shingo, dereva wa tano, alikipapasa kisogo chake.

Leo asubuhi swali lilikuwa limemfuata hadi kijiweni. Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili kuukuu, ubavuni mwa gereji, mahali barabara inapopinda na kukutana na tuta. Kila gari lililofika hapo lilipunguza mwendo lipende lisipende, kwa hiyo wanakijiwe waliwajua madereva wote wa mji kwa sura, na hakukuwa na sura ambayo haijasengenywa. Bi Birika alikaa mwisho wa ubao na jiko lake la mkaa, vikombe sita na beseni moja la kusuuzia. Yeye hakuwa na upande. Aliyenunua kahawa alikuwa na haki ya kusema, na aliyemaliza kikombe alikuwa na haki ya kunyamaza, ingawa haki hiyo ya pili hakuna aliyewahi kuidai.

Dereva mwenyewe waliyemwita Taratibu alikaa katikati, goti likimruka kama cherehani. Miaka kumi na tisa ya usukani hajagonga hata ndoo. Watu walikuwa wakimtania kwamba inzi akitua kwenye boneti yake anapata usingizi na kuamka wamefika. Leo hakuweza kugeuza shingo. Akitaka kumtazama mtu aligeuka mzima mzima, kama kabati linalohamishwa, na fomu aliyoishika mapajani ikageuka naye.

—Hebu isome tena, alisema Wakili.

Wakili hakuwa wakili. Alifagia mahakama kwa miaka sita, na kila hukumu iliyosomwa akiwa na ufagio mkononi aliihesabu kuwa somo alilofaulu.

—Nimeisoma mara tatu, alisema Taratibu.

—Mahakamani tungesoma mara saba.

Taratibu akasoma. Kisanduku cha tisa: gari liligonga, au liligongwa na, halafu mstari wa nukta. Mara ya kwanza aliuacha mstari mtupu, fomu ikarudishwa. Mara ya pili akaandika "hakuna", ikarudishwa na wino mwekundu: Hakuna si kitu. Jaza. Meneja alimwita pembeni akamwambia kwa sauti ya kindugu kwamba aandike chochote kile, hata nguzo, atapewa barua ya onyo na mambo yataishia hapo. Asipojaza hadi saa sita mchana, arudishe sare na kitambulisho.

—Basi andika nguzo, alisema Wakili. Nguzo haina shahidi wala haina ndugu. Itakuja kukukana?

—Sikugonga nguzo.

—Hakuna anayekuuliza kama uligonga. Unaulizwa uliandika nini.

—Nilikuwa nimesimama, Wakili. Taa nyekundu, mguu kwenye breki, mbele yangu hakuna gari, nyuma yangu hakuna gari. Naangalia taa. Mara pa. Kile kiegemeo cha kichwa kimefyatuka chenyewe, kimenipiga kisogoni kama mtu ananidai. Nikageuka kumtafuta aliyenipiga. Kiti cha nyuma kitupu.

—Ulikuwa unasinzia, alisema Redio.

Redio alishona viatu hatua tatu kutoka kwenye benchi, na alikuwa na redio mbili zilizowashwa pamoja kila siku kwenye stesheni tofauti, ili asipitwe na kitu.

—Sikuwa nasinzia.

—Magari ya siku hizi yanakutazama. Nimesikia. Likiona kope zinashuka linakuzindua. Lingekuwa na mdomo lingekuita. Halina, limekupiga kofi.

—Kope zangu zilikuwa juu.

—Wewe unazionaje kope zako?

Bi Birika akacheka puani, akammiminia Redio bila kuulizwa.

—Chafya, alisema Wakili ghafla, kidole juu. Ulipiga chafya?

—Sikumbuki.

—Andikeni hapo, shahidi hakumbuki. Ukipiga chafya, kichwa kinakwenda mbele, kiti kinatikisika, gari linadhani limegongwa. Linachukua hatua. Kosa ni la pua.

—Mimi napiga chafya juu ya jiko hili mwaka wa kumi, alisema Bi Birika, na birika halijanizaba.

—Birika halina akili.

—Afadhali.

Goti la Taratibu liliongeza mwendo. Alitazama saa. Saa tano na dakika kumi. Kila kauli ilimpita na kumwacha pale pale, na nukta za kisanduku cha tisa zilianza kuonekana machoni pake kama siafu. Akageuka mzima kumwelekea Spana, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji anafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

—Spana, ndugu yangu. Wewe ndiye fundi wa magari yetu. Waeleze.

Spana aliendelea kufuta.

—Ndani ya kile kiegemeo kuna springi, alisema hatimaye. Inabanwa na kikulabu. Mtu akikugonga kwa nyuma, kikulabu kinaachia, kiegemeo kinakuja mbele kukidaka kichwa kabla shingo haijavunjika. Kimetengenezwa kukuokoa.

—Kiliniokoa na nini?

—Na ajali.

—Ajali ipi?

Spana akaingiza mkono mfukoni, kitu kikagongana na sarafu, akautoa mtupu.

—Mimi nasema kilivyotengenezwa. Kinaachia ukigongwa. Pengine uligongwa kidogo, hukusikia.

—Nimegongwa, sikusikia, lakini shingo imesikia?

—Ngojeni, alisema Redio, na akapunguza sauti ya redio moja, jambo lililokuwa sawa na mtu mwingine kuvua kofia. Ngojeni niwaambie. Magari ya aina moja yana akili moja. Yanapashana habari kule juu. Sasa kuna gari pacha wa lile, mji mwingine kabisa, siku ile ile, dakika ile ile, limegongwa kwa nyuma. Habari zimetumwa. Zikapotea njia. Zikamfikia Taratibu.

Wakili akaipima hoja hiyo.

—Kwa hiyo, alisema, huko kuna mtu gari lake limebondeka na shingo yake nzima?

—Nzima kabisa. Na hajui amshukuru nani.

—Basi fomu ijazwe na yule.

—Ndiyo nasema.

—Tumpate wapi?

—Hilo sasa ni kazi ya kampuni.

Wakajadili kwa bidii namna ya kumpata mtu huyo, na kama anaweza kushitakiwa kwa kutumia shingo ya mwenzake bila idhini. Taratibu aliwasikiliza akiwa na kalamu mkononi. Hakuwa amewasikia vibaya wala hakuwa amewakasirikia. Ndugu zake hawa walikuwa wanamtafutia jibu kama watu wanaomtafutia miwani mtu asiyeona, kila mmoja akimvisha ya kwake. Alifikiria sare iliyopigwa pasi nyumbani, na mke wake aliyemwambia jana usiku, kwa upole uliomuuma kuliko kisogo: baba watoto, nguzo ni neno moja tu. Akaiweka kalamu kwenye nukta ya kwanza. Akaandika "Ng".

Ndipo akafika mwanamke mmoja kutoka ng'ambo ya barabara, ameshika chupa ya chai kubwa. Alikuwa karani mpya wa duka la dawa, wiki ya kwanza, na alikuwa ametumwa kahawa ya wenzake. Alisimama akisubiri Bi Birika akamue birika lililokwisha kuwa jepesi, na akasikiliza, kwa sababu pale huwezi kutosikiliza.

—Samahani, kaka zangu, alisema. Mimi mgeni, sijui mambo yenu. Hilo gari, saa hizi linaendeshwa na nani?

Redio akazima redio zote mbili, kitu ambacho Bi Birika alikuja kusema baadaye kwamba hajawahi kukishuhudia. Mgeni aliwatazama mmoja mmoja, akidhani amekosa adabu.

—Nauliza tu, alisema. Maana mnazungumza shingo yake huyu kaka, naye amekaa hapa.

Taratibu alikuwa analijua jibu. Alikuwa amelijua tangu juzi, kama mtu anavyojua rangi ya mlango wa nyumbani kwake bila kuifikiria. Gari lilikuwa kwa Kadogo. Walimwita hivyo kwa sababu ya kimo. Alianza kazi mwezi uliopita, na Taratibu ndiye aliyemfundisha barabara zote za kampuni. Siku za kwanza binti huyo aliendesha ameinama, kidevu karibu na usukani, kama anachungulia kisima. Taratibu alimkemea mpaka akaacha. Kaa wima, alimwambia. Egemeza kichwa. Kile kiegemeo kimewekwa kwa ajili yako. Na Kadogo, ambaye alikuwa haambiwi kitu mara mbili, aliegemeza kichwa.

—Spana, alisema Taratibu. Kiegemeo mlikifanyaje?

Spana alitazama kitambaa chake.

—Niliambiwa nikirudishe tu.

—Uliambiwa na nani?

—Meneja. Alisema dereva amekiri kugonga nguzo, gari halina tatizo, kirudishwe, gari linatakiwa asubuhi.

—Mimi sijakiri kitu.

—Alisema fomu inakuja.

—Kikulabu kilikuwaje?

Safari hii mkono ulipoingia mfukoni ulitoka na kitu. Spana alikiweka juu ya benchi, kati ya vikombe: kipande cha plastiki cheusi, hakizidi ukucha wa kidole gumba, kimekatika katikati, na pale kilipokatika pamepauka kama biskuti.

—Hakikugongwa, alisema Spana kwa sauti ndogo. Kimechoka tu. Plastiki imechoka, springi haijachoka. Nikaunga kwa gundi.

—Gundi.

—Gundi na waya kidogo. Nilitaka kusema, kaka. Najaribu toka asubuhi, maneno yanakataa.

—Umetuambia springi na kikulabu, alisema Bi Birika, na wewe umekiweka mfukoni pamoja na chenji.

Taratibu alikuwa amekwisha toa simu. Iliita ikaita ikakatika. Akapiga tena. Ikaita ikaita. Mara ya tatu akaiteremsha mwenyewe kabla haijakatika, kwa sababu alikumbuka.

—Hapokei, alisema Wakili.

—Hawezi kupokea. Nilimkataza. Nilimwambia gari likiwa linatembea, hata nikikupigia mimi, usipokee.

—Mpigie meneja.

Taratibu alimpigia meneja. Meneja alipokea mlio wa kwanza.

—Umejaza? aliuliza.

—Bosi, yule binti ashushwe kwenye gari. Kikulabu kimeungwa na gundi, kitaachia tena.

—Taratibu, umejaza au hujajaza? Ukijaza tutazungumza hayo mengine.

Alikata yeye, si meneja. Hajawahi kumkatia mkubwa simu maishani, na kidole kilibaki hewani kinashangaa.

—Yuko safari gani? aliuliza karani wa duka la dawa. Chupa yake ilikuwa bado tupu, na hakuwa anaikumbuka.

—Kampeleka mhasibu benki. Watarudi kabla ya saa sita. Njia ni hii hii.

Wote wakageuka kuitazama kona. Pikipiki ikapita tuta. Likapita lori la mchanga, likafuatwa na gari la mkate. Taratibu alisimama, akakaa, akasimama. Redio naye akasimama, kiatu cha mtu mkononi, sindano ikining'inia kwa uzi wake. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyelalamika.

Lilipotokea gari la kijivu kwenye kona, lilikuja kwa mwendo ambao Taratibu mwenyewe alimfundisha Kadogo, taratibu kabisa, limeacha nafasi kila upande. Kupitia kioo aliuona uso wa Kadogo, na nyuma ya uso huo kichwa kimeegemea vizuri, kama alivyoagizwa.

Watu wa mtaa ule hawakuwa wamewahi kumwona Taratibu akikimbia. Alikimbia amenyooka kama ubao, shingo haiyumbi, mikono juu, hadi katikati ya barabara mbele ya tuta. Fomu ilibaki benchini chini ya kikombe, kisanduku cha tisa kina herufi mbili.

Kadogo alisimamisha gari bila kulitikisa. Akateremsha kioo.

—Mwalimu. Nimekosea nini?

—Hujakosea.

—Basi mbona umenisimamisha katikati ya njia?

—Dereva, twende, alisema mhasibu kutoka kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Nina kikao saa sita.

Taratibu hakumtazama. Angetaka kumtazama ingebidi ageuke mwili mzima, na mwili alikuwa na kazi nao. Aliupitisha mkono dirishani, akaupenyeza nyuma ya kisogo cha yule binti na kuuacha pale, kiganja kikikielekea kile kiegemeo.

—Kadogo, alisema. Usiegemee. Zima gari, ushuke.