Beki Aliyerukwa Kwenye Salamu

Marehemu Erastus Ngala Kiponda alizaliwa tarehe 11 Mei 1979 huko Mikindani, Changamwe, kifungua mimba wa Mzee Kiponda Ngala, aliyekuwa mfanyakazi wa bandari, na Mama Kadzo. Alipewa jina la babu yake mzaa baba, kama ilivyo ada yetu, na wazee husema alipewa na mdomo wake pia. Mama Kadzo, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo, hueleza kwamba watoto wa wenzake walizaliwa wakilia, lakini Ngala alizaliwa akilalamika. Mdogo wake Gladys, anayewasomea maneno haya, alimfuata kwa miaka miwili na hajapata sababu ya kumbishia mama.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Mikindani, kisha mwaka 1994 akajiunga na shule ya sekondari ya bweni upande wa Kaloleni. Huko, siku ya wazazi, mgeni wa heshima aliwauliza wanafunzi kama wanakula vizuri. Wote walitazama viatu vyao. Ngala akasimama, akasema, "Leo tumekula vizuri, bwana, kwa sababu umekuja." Wageni walicheka. Mwalimu mkuu hakucheka, na Mzee Kiponda alipoitwa kusikiliza kesi alirudi nyumbani na neno moja tu: "Mdomo huponza kichwa." Ni katika shule hiyo hiyo alipokutana na mpira wa magongo. Kwenye soka miguu yake ilikuwa mizito na wenzake walimcheka, lakini alipokabidhiwa gongo na kuwekwa nyuma, karibu na kipa, mipira ilikuwa haipiti. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1997 akiwa nahodha wa timu ya shule.

Baada ya kusomea umeme aliajiriwa katika yadi ya makontena, akitunza yale ya baridi, na mwaka 2006 akafungua karakana yake ya kutengeneza friji na feni pale mtaa wa Magongo. Wateja walimpenda na kumwogopa kwa pamoja, kwa maana ukimpelekea friji mbovu alikwambia aliyeiharibu ni nani, na mara nyingi alikuwa wewe mwenyewe. Jioni alichezea timu ya Chaani Vijana. Mpira wa magongo haumtajirishi mtu Changamwe. Beki anayeshangiliwa Jumamosi ndiye unayepanga naye foleni ya maji Jumatatu, na mashabiki wake ni majirani, mafundi wenzake na mama anayemuuzia mbaazi. Wakikupenda wanakupenda mchana kutwa, na wakikuchukia huna pa kujificha.

Walimpenda. Mwaka 2007 mtangazaji mmoja wa redio, jina lake Fidel, alimwalika studio, na tangu siku hiyo Ngala akawa haishi kuitwa. Alisema viongozi wa mchezo huja kwenye fainali na miwani ya jua, wakakaa wakiushangilia upande usio na mpira. Alisema uwanja una mashimo ya kutosha kupanda minazi. Changamwe nzima ilicheka, gazeti likamwandika na picha yake, na mashabiki wakampa jina la Kipaza, kwamba yeye ndiye kipaza sauti chao. Aliyempa jina hilo ni Mzee Shee, fundi cherehani wa Magongo, mwenyekiti wa mashabiki na pia wa klabu yao ya salamu. Wasiojua waelewe kwamba kila Jumapili alasiri kulikuwa na kipindi cha salamu, na Mzee Shee alituma salamu kwa timu nzima kwa mpangilio wa uwanjani: kipa kwanza, kisha Kipaza, kisha beki wa kulia, mpaka washambuliaji. Ngala hakukosa kusikiliza. Alijidai kwamba anasikiliza kwa bahati tu, huku ameshazima feni zote za karakana.

Mwezi wa Agosti 2008 Chaani Vijana walishinda kombe la Pwani, bao moja kwa bila, dhidi ya timu ya kisiwani. Kabla ya bao hilo mpira ulimgusa Ngala kwenye kiatu, ukamwendea mwenzake, naye akafunga. Katika mchezo huu mpira ukikugusa mguu ni kosa na bao halihesabiwi. Waamuzi hawakuona. Wapinzani walilalamika, mashabiki wakawazomea, na kombe likazungushwa kutoka Chaani hadi Mikindani kwa ngoma, Ngala akiwa mabegani mwa watu. Siku mbili baadaye Fidel alimwita redioni. Ngala alipiga pasi shati lake jeupe, ingawa Gladys alimkumbusha kwamba redioni hakuna anayekuona. Fidel akamuuliza kwa mzaha kuhusu malalamiko ya watu wa kisiwani, akitarajia kejeli za kawaida. Ngala akasema, "Mpira ulinigusa. Waamuzi hawakuona, lakini mimi niliona, maana mguu ni wangu."

Kombe lilirudishwa. Mechi ikachezwa upya na Chaani Vijana wakafungwa. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini mpenzi wa mashabiki ni habari nyingine. Lile jina la Kipaza waliloliimba wakawa wanalitema. Watoto walimpitia karakanani wakionyesha miguu yao. Wateja walipungua mpaka akarudi kwa muda kwenye yadi ya makontena. Mdomo ulikuwa ule ule. Tofauti ni kwamba zamani uliwasema wengine.

Aliyemuumiza zaidi ni Mzee Shee, kwa sababu hakupiga kelele. Ngala alimwendea kibandani pake, akamsalimu, "Shikamoo, Mzee Shee." Mzee Shee alijibu marahaba, maana marahaba ni haki ya mwenye kusalimu, lakini aliitoa akiutazama ukuta. Kisha akasema, "Sikiza, mwanangu. Hatukukasirika kwa kuwa umesema kweli. Kweli ni yako na Mola wako. Lakini ungetwambia sisi kwanza. Sisi ndio tuliokubeba mabegani, tukaja kuyasikia redioni pamoja na watu wa kisiwani? Wallahi, umetuvua nguo." Ngala, ambaye hakuwahi kukosa jibu, siku hiyo alirudi nyumbani bila jibu.

Jumapili iliyofuata salamu zilisomwa: kipa, kisha beki wa kulia. Ikawa hivyo na Jumapili ya pili, na miaka ikapita ni hivyo hivyo. Hata alipoacha kucheza mwaka 2013 na wachezaji wengine waliostaafu wakawa bado wanatajwa kwa heshima, yeye alirukwa. Aliendelea kusikiliza. Gladys alipomwambia aizime hiyo redio, alimjibu, "Wacha. Mtu anayerukwa kila Jumapili hajasahauliwa. Mzee inabidi anikumbuke kwanza ndipo aniruke." Alilisema akicheka, lakini dada mtu alimwona akiinamisha kichwa kila kipa alipotajwa.

Kipindi hicho hicho cha salamu ndicho kilichompa mke. Mwezi wa Februari 2009 Fidel, aliyekuwa pia msomaji wa salamu hizo, alisoma salamu kutoka kwa Mwende, msichana wa Kitui aliyekuwa amepanga chumba Bombolulu, Kisauni, na kufanya kazi ya kushona mikoba. Zilisema: "Namsalimu yule mchezaji wa mguu. Simjui, ila ningependa kumjua mwanamume anayejisema mwenyewe." Ngala alikwenda mpaka kituo cha redio kuomba nambari ya simu, Fidel akakataa kwa sababu za kazi. Basi akamjibu kwa salamu. Wakaposana hivyo kwa miezi mitatu, Changamwe na Kisauni zikisikiliza, hata wale walioapa kwamba hawataki kusikia jina lake. Bi Barke, mkewe Mzee Shee, alikiri baadaye kwamba alikuwa akimwambia mumewe kwamba yeye kichwa kinamuuma, mzee atoke nje, ili apate kuongeza sauti.

Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 2010 katika kanisa la Mikindani. Mashabiki hawakuja. Lakini asubuhi hiyo kuliletwa sinia la mahamri lililofunikwa kawa la ukindu lenye pambo jekundu, bila jina la mtu. Magongo nzima inajua kawa la nani lina pambo jekundu. Mwende, ambaye alikuwa mgeni wa mambo ya Pwani, alitaka kulirudisha limeoshwa vizuri na asante. Mama Kadzo akamzuia: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kikarudi na viazi vitamu. Baada ya wiki kikaja na sambusa. Kwa karibu miaka kumi na tano kawa lile limekwenda na kurudi kati ya nyumba mbili ambazo waume zao hawakuzungumza, na hakuna aliyelitaja mbele yao. Mungu aliwajalia Ngala na Mwende watoto wawili, Kadzo na Kiponda. Alikuwa baba mpole kuliko mtu angedhani, ila ukimwonyesha mchoro wako alikwambia kama mbuzi amefanana na mbuzi.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kudhoofika, akawa anakwenda hospitalini kisiwani kusafishwa damu. Aliwachekesha wagonjwa wenzake kwa kuisikiliza mashine na kuiambia inaunguruma kama friji za Magongo. Mwezi wa Agosti mwaka huu alilazwa, na mapema Septemba Bi Barke akaja kumwona akiwa na kawa lake mkononi. Ndipo Ngala akatoa lile jibu alilolikosa kibandani. Akamwambia, "Shikamoo, mama. Mwambie mzee ana haki. Ningeanza na nyinyi. Lakini nilikuwa nimepiga pasi shati, na mtu aliyepiga pasi shati kwenda redioni hawezi kurudi na neno kifuani. Niliyapenda masikio ya watu, mama, hilo nalikubali." Bi Barke akamuuliza kama basi anajuta kuusema mguu. Akafumbua macho kabisa. "Hapo hapana. Mguu bado ni wangu."

Bi Barke aliyafikisha kama yalivyosemwa. Anasema Mzee Shee alitaka tu aletewe miwani na simu.

Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, mchana, mkewe na dada yake wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Kesho yake alasiri wanawake walikuwa wamekaa mkekani Mikindani, nasi tulikuwa tumezima redio kama ipasavyo nyumba ya msiba. Redio ya jirani ndiyo iliyosikika dirishani. Zikasomwa salamu zilizotumwa Ijumaa na Mzee Shee wa Magongo: zimfikie kipa, zimfikie Kipaza, beki wetu, pale kitandani alipo, aambiwe tunamngoja uwanjani, inshallah, zimfikie beki wa kulia. Mwende, ambaye tangu hospitalini hakuwa amedondosha chozi, aliinua uso kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili, akaitika, "Abee." Kisha akalia, nasi tukalia naye.

Tangu siku hiyo marehemu ameitwa shujaa kwenye simu za watu wengi. Picha yake ya zamani inazunguka, na yale maneno ya mguu yameandikwa chini yake kwa maua. Familia inashukuru, ila haikosi kuona kwamba baadhi ya vidole vinavyoandika shujaa leo ndivyo vilivyokuwa vikimwonyesha kiatu karakanani. Hatusemi hivi kwa kisasi. Tunasema kwa sababu kati yenu wapo wachezaji vijana, na iko siku mmoja wao atasema jambo ambalo hamtalipenda. Tafadhali, akiwa hai, msimruke.

Marehemu ameacha mke wake mpenzi, Mwende. Watoto wake, Kadzo na Kiponda. Mama yake mzazi, Mama Kadzo. Dada yake, Gladys. Na Chaani Vijana, wa zamani na wa sasa.

Mwende ameomba jina moja zaidi liwekwe hapa, ingawa si la ukoo. Mzee Shee, Bi Barke ametwambia kwamba leo utafika nasi mazikoni Rabai. Salamu zako zilichelewa siku moja. Hatutasema hazikuchelewa, kwa sababu tunayemzika hakupenda maneno ya kufunika. Lakini zilifika, ziliitikiwa, na watu wote wa mkekani ni mashahidi.

Ngala, ndugu yetu, Mungu akulaze mahali pa amani. Jina lako limesomwa, na limesomwa mahali pake, baada ya kipa.