Yeremia Dzoro, Mchoraji Aliyekataa Kuongeza Vidole

Ndugu na jamaa mliokusanyika hapa Tononoka, familia imeniagiza niwasomee maisha ya kaka yangu, Yeremia Dzoro wa Chonga, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, kwa maana yeye mwenyewe asingekubali vinginevyo.

Marehemu alizaliwa Rabai tarehe 14 Machi 1904, akasoma shule ya misheni huko huko hadi 1919, na mwaka uliofuata akaja Mombasa kujifunza kazi kwa fundi Abdulghafur, mwandishi wa vibao vya maduka Mji wa Kale, ambaye hakuchora sura za watu wala hakumzuia mwanafunzi wake kuzichora.

Alichora juu ya kitambaa cha tanga alichokipaka gundi na unga wa chaki, akaanza na sikio kabla ya macho, akisema macho hujipamba mbele ya mchoraji lakini sikio halijui kudanganya, na rangi nyeusi hakuinunua kamwe, kila ngozi aliipata kwa kuchanganya nyekundu, buluu na manjano, kwani hakuwahi kumwona mtu aliyefanana na wino.

Tarehe 6 Oktoba 1934 alifunga ndoa na Loise Mbodze, wakajaliwa watoto watatu, wote wako hapa.

Mwaka 1941 aliajiriwa na kiwanda kimoja cha uchapaji kuchora picha za vitabu vya shule. Mei 1946 aliambiwa amchore kuli wa bandarini, akamchora shemeji yake Ngumbao, aliyekatika vidole viwili vya mkono mmoja kazini kwenye gati la Mbaraki, msimamizi akamwamuru aviongeze, watoto wasije wakaiogopa kazi, naye akajibu mbele ya wote, "Vidole hivyo vilibaki Mbaraki, bwana, anayevitaka akavitafute huko." Tarehe 17 alifukuzwa, na kitabu kikatoka na kuli mwingine, mwenye vidole kumi na tabasamu. Dzoro hakuomba msamaha, alirudi kwenye vibao, na kila Jumapili akawachora makuli wa Mbaraki, kila mmoja na jina lake chini.

Novemba 1948 taya lake lilianza kuvimba, likamzuia kula, halafu kusema, lakini halikumzuia kujichora mbele ya kioo, sikio kwanza, na taya kama lilivyokuwa. Alifariki hospitalini tarehe 11 Agosti 1949, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, mafundi wa vibao, na wale wenzake wa kiwandani waliothubutu kuja leo.

Jana baadhi yetu, nami nikiwamo, tulitaka picha hiyo aliyojichora ifunikwe kwa shada la maua upande wa taya, Loise akatuambia, "Shemeji, aliyekataa kuongeza vidole, ninyi hamtampunguza taya." Kwa hiyo picha iko mbele yenu bila shada, na aliyeishika ni Ngumbao, kwa mkono ule ule wa vidole vitatu.

Pumzika kwa amani, Dzoro, unakwenda na uso wako mwenyewe.