Uchungu wa Pipani Usiguswe

Sogezeni viti, wanangu, wewe Firmin na wewe Noélie, mkae upande mmoja wa kitanda hata kama hamsemezani, kwa maana sauti yangu haifiki mbali tena, na sitaki mmoja aje kumwambia mwenzake kwamba mama alisema hivi au vile. Padri amekwisha kuja, amenipaka mafuta, roho yangu imetulia. Mmebaki nyinyi, na yale mapipa kule chini.

Najua mnagombania nini. Firmin, unataka jentiana yetu, kileo hiki chungu cha mizizi ya mlimani, itiwe sukari zaidi ili vijana wa mjini waipende; Noélie, unasema heri kufunga ghala kuliko kuiharibu. Tangu tumzike baba yenu mnapishana uani kama wapangaji. Basi nisikilizeni kwanza, kisha nitaamua, maana ghala ni langu mpaka nitakapofumba macho.

Mimi sikuzaliwa mlimani hapa. Nilitoka bondeni, kwa watu wa divai tamu, na siku ya posa yangu babu yenu alinimiminia kibilauri cha ile njano yake, ukoo mzima ukinikodolea macho. Nikapiga funda moja kubwa kama mtu anywaye maji. Wanangu! Nilihisi nimelamba nyongo, udongo na maganda ya mti kwa pamoja, nikaitema yote juu ya kitambaa cheupe cha meza. Nyanya yenu akaangua kicheko: "Mleteeni bibi harusi maziwa, huyu bado hajaota meno!" Nikaapa moyoni kwamba nitaolewa na Géraud, baba yenu, lakini chupa yake aolewe nayo mwingine.

Kiangazi kilichofuata Géraud alinipandisha mlimani kuchimba mizizi. Kazi ile mnaijua, lile liuma la chuma refu kuliko mtu, unalilalia kwa kifua na ardhi bado haitaki kuachia. Akanifundisha kutazama majani kabla ya kugusa chochote: ya jentiana hukaa mawili mawili, yakitazamana kama mume na mke mezani, na ya ule mmea wa sumu unaoota kando yake hupishana shinani, kama nyinyi huko uani. Akanifundisha kuiacha mizizi michanga, kwa kuwa jentiana haina haraka, hukaa miaka mingi kabla ya kutoa ua lake la kwanza, na kulifukia kila shimo na kulikanyaga vizuri.

Adhuhuri tulikaa juu ya jiwe, mgongo unaniwaka. Akaitoa chupa aliyokuwa ameilaza kijitoni, akanitilia kidogo chini kabisa ya bilauri, akasema, "Usinywe, Eulalie. Lowanisha ulimi tu, halafu subiri." Nikasubiri. Ukaja uchungu ule ule, ila safari hii niliuacha upite, na nyuma yake ikaja harufu ya majani yaliyonyeshewa, kisha utamu mdogo wa mbali, kisha mate yakanijaa kinywani na tumbo likaamka likidai mkate. Sijapata kula jibini tamu kama lile tulilokula pale. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa uchungu huu unabisha hodi, unawaamsha waliolala ndani.

Nigeuzeni kidogo. Hivyo. Asante.

Sasa Baptistin Chaumeil, jirani yetu wa juu, mnamkumbuka akiwa mzee wa kucheka. Mimi nilimkuta adui. Yeye na baba yenu walikuwa wamekosana kwa ajili ya mteremko wa juu ya chemchemi, ule wenye mizizi minene kuliko yote, na Baptistin akaufunga kwa seng'enge, wakawa hata kanisani hawasalimiani. Kisha mkewe, Zélie, akafa, theluji ikiwa bado haijayeyuka. Baptistin akajifungia. Kijiji kizima kikampelekea mikate ya sukari na supu, vyote vikarudi kama vilivyokwenda. Nikasema nitakwenda mimi. Baba yenu akaniambia, "Atakufungulia mbwa."

Mbwa hakufunguliwa. Baptistin alinitazama mlangoni, amekonda, suruali inamvuka. "Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kunywa," nikamwambia, "na mimi sinywi peke yangu."

Nikaweka bilauri mbili, nikakata ganda la limau, nikamimina. Akalowanisha midomo, akakunja uso. "Chungu kama ulimi wako, Eulalie."

"Na bado wanywa."

Akanywa tena, taratibu. Kitambo kikapita, nikamwona anachungulia kapu langu. "Humo mna nini?" Mlikuwa na mkate, soseji kavu na kipande cha jibini. Akala akilia, akalia akila, nami nikageukia dirishani ili asitazamwe.

Theluji ilipoyeyuka, seng'enge haikuwapo. Akaja mwenyewe hapa uani, akamwambia baba yenu, "Chimba. Ila ukiacha shimo wazi ng'ombe wangu akavunjika mguu, nitakuvunja wako." Baba yenu akamjibu, "Ingia ndani kwanza, mkorofi wewe, meza iko tayari." Baptistin hakuwa na mtoto, alipokufa alituachia mteremko ule. Ndiyo maana nasema, mikate ya sukari ilifika kwake kabla yangu, na haikumfungua kinywa.

Basi uamuzi wangu ni huu. Uchungu wa pipani usiguswe, Firmin. Lakini nawe, Noélie, acha kumnunia mgeni akitia barafu, au maji ya gesi, au sharubati ya zabibu nyeusi. Pipa ni letu, bilauri ni ya mnywaji, na wengine huanzia hapo wakafika kwenye uchungu wenyewe. Inyweni kabla ya chakula, kamwe si baada yake, baridi, kidogo, pamoja na mtu. Mteremko msiuuze wala msiulime. Mchimbe wawili pamoja, mmoja atazame majani, mwingine alisukume liuma. Sitaki... ngojeni nipumue.

Nipeni mikono. Wote wawili, juu ya blanketi. Mungu awape migongo yenye nguvu, na meza isiyokosa mtu, na mkikasirikiana, hasira isivuke saa ya kula. Nimewabariki. Nawe Firmin, usilie, unanitikisia kitanda.

Nasikia harufu ya viazi na jibini. Vitapoa. Mimi siwezi tena... nendeni nyinyi. Mkamimine, mkae, mle.

Mlango uacheni wazi. Nataka kusikia vijiko.