Ampli ya Pitchou

Pitchou, shoferi wa teksi ya Uvira kwenda Luvungi, alikuwa anapaza sauti kuushinda muziki wake mwenyewe. "Hii ampli ya kukuza sauti imechoka. Niko natafuta ya wati elfu mbili, sabufa itikise mpaka viti!"

Gaspard, fundi redio aliyekaa kando yake, akacheka. "Wati wanazoandika kwenye karto ya ampli ni uongo. Angalia fyuzi yake. Kama iko ya ampea ishirini, ampli haifiki hata mia tatu."

Nyuma yao abiria mmoja, Florentine, akachemka. "Wati, wati! Jumatano, hapa hapa Nyakabere, gari ya mbele yetu ilipigwa risasi na siye tukaendelea kwenda. Tuliona damu kabla ya kusikia kitu, sababu ya hiyo sabufa yako!"

"Mama," Pitchou akajibu, "bila muziki watu wanaogopa."

"Waache waogope! Muntu mwenye kuogopa anashuka, anakimbia, anapona!"

Pitchou akazima redio kwa hasira. "Haya, sikia basi."

Wakasikia. Risasi, upande wa Luvungi, moja moja, halafu nyingi. Gari likasimama.

"Shoferi," mtu akaomba kutoka nyuma, "rudisha muziki."

Florentine aligeuka amtukane huyo mwoga, akakuta nusu ya abiria wanaitikia kwa vichwa.